Cheni iliyokimbilia kushoto: jino la mraba, grainda na gogo la mvule

Cheni ya pawasoo, ule msumeno wa injini, ililetwa kwenye kibanda changu hapa Bungoma ndani ya mfuko wa unga wa ugali, Jumatatu asubuhi. Aliyeileta hakuanza na habari za nyumbani kama kawaida yake. Aliimwaga juu ya meza akasema, "Khocha, hii kitu inakula mbao zangu."

Mimi si mjomba wake wa damu. Mama yake na mimi tumetoka kijiji kimoja, na kwetu hiyo inatosha. Kazi yake ni kupasua mbao kwa pawasoo, na hatumii fremu wala reli ya kuongoza mashine. Anafanya kama wengi huku kwetu: uzi unachovywa kwenye unga mweusi wa betri kavu uliokorogwa na maji, unavutwa juu ya gogo, unapigwa, mstari unabaki. Halafu anasimama na kuufuata mstari ule kwa jicho na mikono miwili. Ukiona mbao zake zimepangwa kandokando ya barabara huwezi kujua kwamba hazikupita kiwandani. Mkono wake nauamini, na ndiyo maana nilipomsikia akilalamika sikumuuliza kama alikuwa amechoka siku hiyo.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mashine ilikuwa inakimbilia kushoto. Ubao ulioanza na inchi mbili juu ulifika chini ukiwa na inchi moja na robo, na mgongo wake umepinda kama ubao uliolowa ukaanikwa juani. Mwenye mti alizikataa mbao saba, akasema atazilipia kama kuni.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba cheni ilikuwa mpya. Shemeji yake anafanya kazi jimbo la Washington, Marekani, na alimtumia kwa mkono wa mgeni aliyekuwa akija nyumbani. Siku ya kwanza ilikata vizuri kuliko cheni yoyote aliyowahi kufunga, maranda yakitoka marefu na makavu. Siku ya pili ikaanza kutoa unga badala ya maranda. Siku ya tatu akaipeleka kwa kijana mmoja mwenye grainda ya mezani, yaani mashine ya jiwe linalozunguka la kunolea, ikarudi inang'aa. Ndipo ikaanza kukimbia kushoto.

Nilimwomba aniachie cheni pamoja na baa, ule ubapa wa chuma ambao cheni huuzunguka, kisha kesho yake anirudie na kipande cha mti ule ule alioupasua. Hakuelewa kipande nilikitakia nini, lakini alikubali.

Nilianza na baa, kwa sababu baa iliyolika upande mmoja huleta ugonjwa huu huu, na ni aibu kunoa cheni nzima kisha kugundua kwamba kosa lilikuwa kwingine. Niliisimamisha juu ya kioo kwa kingo zake mbili, nikaweka skwea ubavuni. Ilisimama wima. Mfereji wa katikati ulikuwa haujapanuka. Kiungo cha cheni kilisimama ndani yake bila kulala upande. Baa ikatoka kwenye kesi.

Kisha nikaiosha cheni kwa mafuta ya taa na mswaki, nikaibana kwenye vaisi kati ya vipande viwili vya mbao laini, nikahesabu. Viungo vya chini, vinavyoingia kwenye mfereji wa baa, 72, meno 36, yaani 18 yanayokata kushoto na 18 yanayokata kulia. Kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu ni milimita 19.05, ukigawa kwa mbili unapata pichi, yaani kipimo cha nafasi ya cheni, ya inchi tatu juu ya nane. Hadi hapo ni cheni ya kawaida kabisa kwa mashine yake.

Nikaweka lenzi. Jino la kwanza lilikuwa limechomwa na jiwe, sikuona kitu. La pili vilevile. Karibu na kiungio cha cheni nikakuta meno matatu ambayo kijana wa grainda hakuyafikia vizuri, yakiwa bado na sura ya kiwandani, na hapo nikakaa kimya kidogo. Ndani ya jino, mahali ambapo nilitarajia mkunjo wa mviringo kama tumbo la kijiko, palikuwa na nyuso mbili bapa zinazokutana kwenye mstari ulionyooka, na mstari huo ulikwenda kuishia kwenye kona ya jino, penyewe hasa. Hii ilikuwa cheni ya mraba.

Ili kisa kieleweke lazima niseme jino la pawasoo linafanya nini. Lina paa juu na ukuta ubavuni, na paa na ukuta vinakutana kwenye kona. Kona ndiyo kisu: inatangulia na kukata nyuzi za mti. Paa linafuata nyuma yake kama randa, linachimbua kile ambacho kona imekwisha kukikata. Mbele ya jino kuna kinundu, mafundi wengi wanakiita reka, ambacho kinaamua jino lizame kiasi gani. Meno yanapishana, moja kushoto moja kulia. Mpangilio huu si wa zamani sana. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon aitwaye Joseph Buford Cox aliona buu la dundu likitafuna kisiki, likikata kushoto na kulia kwa taya zake, akatengeneza cheni inayoiga taya zile. Kabla yake cheni zilikuwa na meno ya kukwaruza, kama msumeno wa mkono uliounganishwa ncha kwa ncha.

Sasa, ukinoa kwa tupa ya mviringo, ambayo kwa pichi hii ni ya milimita 5.5, unaacha bonde la mviringo chini ya paa na ndani ya ukuta. Linakata vizuri, na ndiyo kazi ninayoifanya kila siku. Lakini ukitazama kwa karibu kwenye kona, mviringo wa tupa haufiki pembeni kabisa kama pembe inavyofika; unaacha mkunjo mdogo hapo. Jino la mraba halina mkunjo huo. Paa lake ni patasi, ukuta wake ni patasi, na patasi mbili zinakutana kwenye nukta moja. Ndiyo maana wakata miti wa pwani ya magharibi ya Marekani, wanaoangusha misonobari minene iliyosimama safi, wanaipenda kupita kiasi na kuikalia usiku kwa tupa.

Na ni kazi ya kukaliwa kweli. Tupa yenyewe si ya mviringo. Ipo ya pande sita, na ipo bapa yenye kingo zilizokatwa mshazari. Wengi huisukuma kutoka nje ya jino kwenda ndani, kinyume cha tupa ya mviringo, huku mkono ukiwa umeinuka ili tupa iteremke. Pembe ya tupa lazima ilenge kona ya jino. Ikishuka kidogo, mstari unaishia ukutani chini ya kona, na kona inabaki inaning'inia kama mdomo wa ndege, nyembamba, haimalizi hata gogo moja. Ikipanda kidogo, mstari unakata paa, na sehemu ya paa inakuwa na makali yasiyo yake. Nafasi ya kukosea ni unene wa unywele. Tupa ya pembetatu ya kunolea msumeno wa mkono, ambayo iko kwenye kila duka la vifaa hapa mjini, haiwezi kuchukua nafasi yake: kona yake ni nyuzi 60, finyu mno, inachimba shimo kwenye mstari badala ya kuunyoosha.

Kule kwao ipo pia grainda ya mraba. Jiwe lake linachongwa ukingo kwa almasi hadi lipate pembe, na pembe hiyo ndiyo inayoingia jinoni na kutengeneza nyuso mbili kwa mguso mmoja. Jino linabanwa kwenye kishikio, pembe zimewekwa kwa namba. Hilo ni jambo moja. Jiwe nene la mezani la kunolea jembe na panga, na cheni imeshikwa kwa vidole, ni jambo lingine kabisa.

Nikachukua venia, kile kipimo cha taya cha milimita. Meno ya kulia yalikuwa mafupi kuliko ya kushoto, na tofauti ya wastani ilikaribia milimita moja. Hapa kosa la kukimbia lilikuwa limejieleza: mashine huelekea upande wenye meno marefu na makali zaidi, kwa sababu upande huo unachimba zaidi ya mwenzake. Kwa nini kulia kukawa kufupi? Shika cheni kwa mikono yako mbele ya jiwe linalozunguka, utaona mwenyewe. Upande mmoja unaingia kirahisi, upande wa pili unalazimika kuupinda mkono, unabonyeza, unarudia. Kijana yule alibonyeza na kurudia.

Na alipobonyeza, alichoma. Kwenye meno 11 ya kulia paa lilikuwa na ukanda wa buluu karibu na makali. Chuma kikipata joto juu ya jiwe hubadilika rangi kwa mpangilio: kwanza rangi ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, na buluu huja karibu na nyuzi 300 za Selsiasi. Jino lililofika hapo limepoteza ugumu wake. Wakati mwingine hutokea kinyume, ngozi nyembamba juu yake ikawa ngumu kama kioo kwa sababu ilipashwa sana kisha ikapoa ghafla, na tupa ikipita inateleza na kulia. Nilikuta yote mawili kwenye cheni moja. Jino la tisa kulia lilikuwa hivyo: tupa iliteleza mipigo mitatu bila kutoa hata vumbi, wa nne ikapenya, na baada ya hapo chuma kikawa kinakatika laini kama madini ya risasi. Nilikihisi kwenye kiganja kabla sijakiona. Siwezi kueleza uchungu wa fundi anapohisi hivyo kwenye chuma kizuri kilichosafiri mbali namna ile.

Lakini grainda ilikuja siku ya tatu. Siku ya pili cheni ilikuwa tayari inatoa unga. Kama ningeishia kwenye jiwe la kijana yule ningemlaumu kwa kifo ambacho nusu yake kilikuwa kimeshatokea.

Nilirudi kwenye meno matatu ambayo hayakuguswa. Kona zake zote zilikuwa zimevunjika. Hazikuwa butu kwa kulika, zilimeguka kama ukingo wa kikombe cha udongo, na nyuma ya mmeguko huo kromu ilikuwa imebanduka. Kromu ndiyo inayobeba makali: ni ganda jembamba, gumu sana, lililopakwa nje ya paa na ukuta, na makali ya jino ni pale chuma kilichonolewa kinapokutana na ganda hilo. Kromu ikibanduka, hata unoe vipi makali hayakai, mpaka urudi nyuma ufike palipo na kromu nzima. Kitu kigumu kilikuwa kimezigonga kona hizi.

Jumanne akaja na kipande cha mti. Kilikuwa mvule. Ulikuwa umeangushwa na upepo huko Nambale, Busia, ukalalia uzio, na mwenyewe akataka mbao za milango. Nilikigeuza kile kipande mkononi. Rangi nzuri ya dhahabu inayoelekea kahawia, nyuzi zimepishana. Na kwenye ufa mmoja, pana kama ukucha wa kidole gumba, palikuwa na kitu cheupe kinachoelekea kijivu. Nilikikwaruza kwa ncha ya msumari, kilikuwa kigumu kama jiwe.

Wazee wa seremala wanalijua hili. Mvule huwa na mawe ndani yake. Si mawe yaliyoingia kutoka nje: mti wenyewe huyajenga, ni chokaa iliyoganda, kalsiamu kaboneti, mara nyingi pale ulipowahi kuumia, na mti huyafunika ukiendelea kunenepa. Kwa nje huoni kitu. Unakutana nalo na meno.

"Nilisikia mashine ikiruka kidogo," akasema. "Nikadhani ni fundo."

Fikiria mwendo. Mashine yake ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, na sproketi, gurudumu linaloivuta cheni, ya meno saba, cheni inakwenda karibu mita 20 kwa sekunde. Urefu wake ni mita 1.37, kwa hiyo inazunguka baa zaidi ya mara 14 kila sekunde, na meno zaidi ya 500 yanapita mahali pamoja. Kabla ya mkono kuhisi kuruka na kidole kuachia mafuta, kila kona ya cheni imekwisha kuligonga lile jiwe mara kadhaa. Juu ya hapo, nilipomuuliza gogo lilifikaje pale alipolipasulia, alisema lilivutwa na ng'ombe kutoka shambani hadi kando ya barabara ya murram. Magome yake hakuyatoa. Mchanga wa murram uliojaa kwenye magome ya mvule ni tupa dhidi ya jino.

Cheni ya mviringo ingeumia pia, nakiri. Hasa ile yenye kona iliyolainishwa kidogo kiwandani ingeumia polepole, ingeendelea kukata kwa kujikokota hadi jioni. Ya mraba ina kila kitu chake kwenye ile nukta moja. Nukta ikienda, patasi mbili zinabaki hazina pa kukutania.

Basi mpangilio wa lawama, kwa maoni yangu, ni huu: mti usiofaa kwa jino lile ndio ulioanza, grainda ndiyo iliyofanya uharibifu mkubwa wa chuma, na mbao saba zilipotea kwa sababu ya tofauti ya urefu kati ya kulia na kushoto. Cheni yenyewe sikuiona na kosa.

Kilichobaki ni kuamua niirudishe iwe nini. Aliniuliza moja kwa moja: "Si unayo tupa ya pande sita, khocha? Irudishe ilivyokuwa." Ni kweli ninayo, moja tu, na ninayo cheni yangu kuukuu ninayoinoa mraba kwa ajili ya sipresi iliyomenywa magome. Nilimfungia ile kuukuu kwenye mashine yake, tukaenda nyuma ya kibanda penye gogo la mkaratusi nililolimenya na kulifagia. Akakata vipande viwili vya kukatiza. Alizima mashine akaiangalia baa kama mtu aliyemwona ndugu aliyepotea. Sikumruhusu kuijaribu kwenye gogo la pili lililokuwa na udongo. Sikuona haja ya kuua cheni nyingine ili kuthibitisha ninachokijua.

Kisha nikamwambia uamuzi wangu. Yeye anapasua gogo kwa urefu, hakatizi. Magogo yake yanavutwa chini. Tupa ya mraba ikiisha makali, na huisha upesi kwa sababu inaanza kwa kugonga kromu, hakuna duka la hapa Bungoma ambalo nimewahi kuikuta. Cheni ya mraba isiyo na tupa yake ni cheni ya kutumia mara moja. Nitaigeuza iwe ya mviringo. Hakufurahi, na mimi sikufurahi, lakini alisema, "Sawa, wewe ndiye daktari."

Kazi ilichukua sehemu kubwa ya siku. Nilitafuta kwanza jino lililoumia kuliko yote, lile la tisa, nikalipeleka nyuma hadi tupa ikawa inauma sawasawa kutoka mwanzo wa mpigo hadi mwisho na kromu ikawa nzima ukingoni. Urefu wake nikaufunga kwenye venia. Meno mengine 35 yakaja kwenye urefu huo, pamoja na yale ya kushoto ambayo hayakuwa na kosa. Kukata chuma kizima ili kilingane na kilichoungua ni kazi inayouma, na hakuna njia ya mkato: mashine haijui huruma, inajua urefu. Pembe ya paa niliiweka karibu nyuzi 25. Kwa kupasua ningependa ifike 10, ubao utoke laini zaidi, lakini kuifikia kwa siku moja kungekula nusu ya jino. Itashuka kidogo kidogo kila akinoa.

Reka zilinitia wasiwasi mapema, kwa sababu kijana yule alizipunguza na kuacha nafasi inayopita milimita moja kwenye baadhi ya meno. Nafasi kama hiyo hufanya cheni inyakue, na ikinyakua kwa ncha ya baa, mashine inarudi usoni. Hata hivyo paa la jino huteremka kuelekea nyuma, kwa hiyo jino likinolewa linapungua kimo na nafasi inafunga. Baada ya kunoa, meno mengi yalirudi karibu na 0.65, kipimo kinachofaa pichi hii. Manne tu yalibaki juu ya hapo. Nimeyaweka alama kwa rangi nyekundu na kumwonya asikate kwa ncha mpaka yafunge.

Jumatano jioni tulipiga mstari kwenye mkaratusi ule ule. Akapasua futi sita. Nilipima ubao juu, katikati na chini, na tepu ikasoma inchi mbili pote.

Hadi alama ya mwisho iliyochorwa juu ya jino kumebaki kama nusu ya maisha yake. Kuna meno mawili ya kushoto ambayo chini ya lenzi bado naona ufa mwembamba kwenye kromu, umbali wa kunoa mara tatu hivi kutoka kwenye makali. Nimemwambia ailete tena akifika hapo, na asiguse mvule wowote kabla hajaumenya na kugonga magome kwa shoka akisikiliza. Kijana wa grainda nimemtumia ujumbe aje Jumamosi. Nataka aone lile jino la tisa kwa lenzi, na nimuonyeshe jiwe jembamba la kunolea cheni linavyogusa na kuachia, linagusa na kuachia, bila chuma kubadilika rangi.